Mikia Niliyoificha

Nikikabidhiwa kompyuta yoyote, iwe ya ofisi au ya mtoto wa dada yangu, jambo la kwanza ninalofanya ni kufunua mikia. Naingia kwenye mipangilio ya folda, natafuta kale kaboksi kenye alama ya vema, naiondoa ile alama, nafunga. Majina ya faili yote yanatokea na herufi zake za nyuma. Vijana wa ofisini hunicheka. Wanasema, mama, hizo herufi ni uchafu tu, siku hizi nani anazitazama? Huwa nawaambia wanyamaze wafanye kazi waliyoajiriwa. Sababu yenyewe sijamwambia hata mmoja wao, na wapo kati yao ninaowapenda kama wanangu.

Kwa asiyejua, kila faili kwenye kompyuta ina jina unaloipa wewe, na nyuma ya jina kuna nukta na herufi chache ambazo mashine hujiwekea yenyewe, ili ijue kilichomo ni barua au picha, na kama ni picha, ni ya namna gani. Wenye Kiswahili sanifu wanaziita kiendelezi. Sisi Kigoma tuliziita mkia, kwa kuwa mzee wa masijala aliziita hivyo siku ya kwanza alipoziona, na jina akilitoa mzee yule lilikuwa limeshatoka.

Nilifika Kigoma kwa treni, katika ile miaka ya wakimbizi, nikiwa na cheti cha uhazili, masanduku mawili na dharau nyingi. Mimi ni mtu wa Upare. Mama yangu alifagia uwanja mara mbili kwa siku, na akishamaliza alirudi nyuma kuangalia kama mistari ya ufagio imenyooka. Nilirithi ugonjwa ule mzima mzima. Nilipoona meza za ofisi ile, na vumbi jekundu juu ya kila karatasi, nilivua viatu nikaanza kudeki kabla sijaonyeshwa kiti changu. Mzee wa masijala alisimama mlangoni akinitazama.

"Karibu Kigoma, mwanangu," alisema. "Hilo vumbi limekutangulia kuajiriwa."

Nilimwamkia shikamoo huku nimeshika tambara. Hivyo ndivyo tulivyojuana. Alikuwa Muha wa Kasingirima, Mwislamu wa swala tano, mwenye kalamu mbili mfukoni na kumbukumbu ya kutisha ya majina na majalada. Alinitania Upare wangu kila siku ya Mungu. Alisema Mpare akiumwa na mbu huenda kwanza kufungua kesi. Mimi nami nilimjibu, maana sikuzaliwa kunyamaza, na ofisi ikawa na uchangamfu ambao kazi yenyewe haikuwa nao.

Kazi yenyewe ilikuwa watoto. Maboti yalivuka ziwa kutoka Burundi na Kongo yakiwa yamejaa watu waliokimbia bila kuaga. Mengine yalishusha watu bandarini, mengine vijijini, Mwamgongo na kwingineko ambako huwezi kufika ila kwa maji. Katika kukimbia kule watu walipotezana. Mama akapanda boti hili, mtoto akarushwa kwenye lile. Ofisi yetu ilikuwa ya kuwaunganisha tena.

Utaratibu wetu ulikuwa hivi. Mtoto aliyeonekana hana wake aliandikwa fomu, akapigwa picha, kisha akapewa mlezi, familia ya kikwao iliyokubali kukaa naye kambini. Fomu ililetwa kwetu pamoja na picha. Mimi niliiingiza picha kwenye kompyuta, nikapanga sura kumi na mbili kwa karatasi moja, chini ya kila sura jina la mtoto na mahali alipopokelewa. Karatasi zile zilibandikwa kwenye mbao katika kambi zote. Wazazi walipita mbele ya mbao wakitembeza vidole juu ya sura, moja moja. Niliwaona mara moja nilipokwenda kambini na sikutamani kuwaona tena. Halafu kulikuwa na sharti moja kubwa: mtoto aliyemo kwenye orodha hakuruhusiwa kuhamishwa wala kuvushwa mpaka na mlezi wake kabla ofisi yetu haijaulizwa.

Picha zilikuja kwa njia mbili. Dada mmoja kutoka Bukoba, tuliyefanya naye kazi, alizunguka kambini na kamera ya kidijitali, na picha zake ziliingia kwenye kompyuta zikiwa na mkia wa jpg. Mzee wa masijala alikuwa na kamera yake ya filamu, ya zamani, aliyoipenda kuliko baiskeli yake. Picha zake zilisafishwa studio mjini, kisha nikazipitisha kwenye skana, na skana yetu ilizipa mkia wa bmp. Ukizitazama kwenye orodha, zote zilikuwa na kialama kilekile cha picha. Kilichozitofautisha ni mkia peke yake.

Mwanzoni mikia ilikuwa wazi. Tatizo lilikuwa mzee. Alipotaka kusahihisha jina la mtoto alifuta lote, jina na mkia wake, akaandika upya kwa kidole kimoja cha shahada, akashiba furaha. Faili iliyokatwa mkia haifunguki, kwa sababu mashine haijui tena ni kitu gani. Kila Jumatatu nilikuta picha tatu nne zimekufa namna hiyo, nami nikipandisha sauti. Basi akaja fundi kutoka Mwanza kutengeneza printa, nikamlalamikia, akacheka, akanionyesha kaboksi. Weka alama hapa, alisema, mikia inajificha, na mzee wako hataweza kukata asichokiona.

Niliipenda ile hali kupita kiasi. Orodha iling'aa. Ilikuwa majina matupu, yamepangwa kwa alfabeti, hakuna nukta wala herufi zinazoning'inia. Nilimwita mzee aje aone.

"Mikia iko wapi?" aliuliza.

"Ipo, Mzee. Imefichwa tu."

"Sasa nitajuaje ipi ni ipi?"

"Utajua kwa jina," nikamwambia. "Ndiyo kazi ya jina."

Akasema haya, akarudi masijala.

Majina ya watu siyaandiki hapa, hata langu. Hili moja sina budi kulitaja, na wala si la mtu mmoja. Kwa Waha na kwa Warundi, wakizaliwa mapacha, anayetangulia ni Bukuru na anayefuata ni Butoyi, awe wa kiume au wa kike, wa tajiri au wa maskini. Ninyi wa huko, mzee aliniambia, mnampa mtoto jina. Sisi hapo tunamtajia zamu yake ya kuzaliwa. Tena ndugu wa tumbo moja hawalazimiki kuwa na jina la ukoo la kuwaunganisha, kila mmoja ana lake. Mtoto wa miaka minne akiulizwa jina alisema Bukuru. Akiulizwa jina la baba alisema Baba. Mwezi wangu wa kwanza nilidhani Bukuru ni ukoo mkubwa uliopata balaa, nikaanza kuwaunganisha kwa penseli. Mzee alicheka mpaka akavua kofia.

Nikajifunza kuongeza mahali: Bukuru wa bandarini, Bukuru wa Mwamgongo. Wakitokea wawili wa mahali pamoja, mashine yenyewe ilinizuia. Iliuliza: jina hili lipo, unataka kulifuta la zamani? Nikasema hapana, nikaandika Bukuru Mwamgongo 2. Niliiamini ile mashine kama mlinzi wa getini. Sikujua kwamba mlinzi anatazama jina pamoja na mkia, na kwamba kwake yeye jpg na bmp ni majina mawili tofauti kabisa, hata kama mbele ya macho yangu yamesomeka sawasawa.

Kompyuta ikajaa. Picha za skana zilikuwa nzito, na diski ya siku zile ilikuwa ndogo. Mkuu wetu akasema tupunguze, tuondoe vinavyojirudia, akiniangalia mimi, kwa kuwa alijua ananipa sikukuu. Nilisafisha wiki nzima. Nilifuta barua za zamani, nikafuta nakala za nakala, na kila asubuhi niliingia kazini nikitembea haraka. Siku ya nne nikakuta Bukuru Mwamgongo, na chini yake palepale, Bukuru Mwamgongo, zote mbili bado hazijapangwa kwenye karatasi za mbao. Picha ile ile, nikasema, imehifadhiwa mara mbili. Nikafuta moja, ile nzito. Nikamwaga na pipa la taka. Kisha, kwa kuwa mimi sifanyi kazi nusu, nikaenda masijala, nikatoa fomu mbili za jina lile, nikaandika juu ya moja kwa kalamu nyekundu IMERUDIWA, nikaiweka kwenye jalada la zilizofungwa. Maandishi yangu ni mazuri. Watu wengi wamewahi kunisifia.

Ikapita miezi mitano.

Yule mama aliingia asubuhi moja ya Jumanne, akiwa na kibali cha kutoka kambi ya upande wa Kasulu, na mtoto wa kike wa miaka kama mitano akimshika kitenge. Alikaa ukingoni mwa benchi kama mtu asiyetaka kuchukua nafasi. Alisalimia kwa Kirundi, bwakeye, mzee akamjibu kwa Kiha, na wakaelewana, kwa kuwa lugha zile ni za majirani. Na mimi alinisemesha kwa Kiswahili cha kambini, kichache na cha moja kwa moja.

Alieleza kwamba alizaa mapacha. Siku ya kuvuka alikuwa na Butoyi mgongoni, na Bukuru alishikwa mkono na wifi yake. Watu walisukumana, maboti yakawa mawili. La kwake lilimshusha bandarini. La wifi alisikia lilifika Mwamgongo, ila wifi mwenyewe alikuwa hajaonekana. Mbao za kambini kwake alikwishazitazama zote, kila karatasi mpya ilipobandikwa. Alikuja mjini kwa sababu mtu alimwambia mashine ina picha nyingi kuliko ubao.

"Huyu Butoyi," alisema, akimsogeza mtoto mbele yangu. "Ukiona huyu, umeona yule. Hata mimi usingizini nilikuwa nawachanganya."

Nilimtazama yule mtoto. Alikuwa na paji pana, jicho la kushoto dogo kidogo kuliko la kulia, na namna ya kubana midomo kana kwamba amekatazwa kusema. Sura ile nilikuwa nimeiona. Niliiona juu ya kioo cha kompyuta yangu, na sikuiona tena baada ya siku ile ya nne ya usafi wangu.

Hapa nalazimika kusema jambo ambalo kwa miaka mingi nimelipitia kando. Nilikuwa nimezifungua picha zote mbili kabla ya kufuta. Mimi si mtu wa kufuta bila kutazama. Nilifungua ya kwanza nikaona mtoto wa kike aliyenyolewa kipara kwa ajili ya chawa, amevaa sweta la kijani la msaada. Nikafungua ya pili nikaona mtoto wa kike aliyenyolewa kipara, amevaa sweta la kijani la msaada. Nikasema ni yule yule. Walikuwa watoto wawili wenye sura zao, mmoja ana jicho dogo na mwingine hana, na mimi nikaona kipara na sweta. Mashine ilinificha mkia. Sura haikunificha.

Nikafungua Bukuru Mwamgongo, aliyebaki. Yule mama akainama karibu na kioo, akakaa hivyo.

"Oya," alisema, hapana ya Kirundi. "Huyu si uwanje, si wangu."

"Ndiye huyu tu tuliye naye," nikasema.

Nilisema hivyo. Nilijua, au nilianza kujua, na nikasema hivyo kwa sauti ya ofisi. Nilijiambia huenda nimechanganya, sura za watoto ni nyingi, huenda macho yamenidanganya. Kwa kweli niliogopa. Niliogopa kuonekana mjinga mbele ya mkuu, na mbele ya mzee niliyekuwa nikimkaripia kila Jumatatu kwa kukata mikia.

Mzee ndiye aliyetoa wazo. Kama wanafanana hivyo, alisema, tumpige picha huyu, tuibandike kwa jina la mwenzake, huko kambini atakayemjua Bukuru atamjua. Kamera ya kidijitali ilikuwa safarini na yule dada, kwa hiyo akaleta ya kwake. Akamsimamisha Butoyi ukutani. Yule mama alimfuta mtoto jasho kwa pembe ya kitenge, akamwambia kitu kwa Kirundi, mtoto akatulia. Kisha wakaondoka. Walikuwa wamepata pa kufikia Ujiji, kwa mwanamke mmoja mchuuza dagaa aliyewahurumia, na mama alisema atakaa mpaka Ijumaa, siku kibali chake kinapokwisha.

Picha ilitoka studio Alhamisi. Nikaiweka kwenye skana. Nikaandika jina, Bukuru Mwamgongo, nikabonyeza kuhifadhi, nikasubiri mashine iniulize kama kawaida: jina hili lipo, ufanyeje? Haikuuliza. Ilipokea kimya. Katika orodha yakawa mawili tena, moja juu ya jingine, yakisomeka sawasawa herufi kwa herufi.

Nilikaa nikiyatazama. Nikaingia kwenye mipangilio, nikaondoa ile alama ya vema niliyoiweka mwenyewe. Ikatokea Bukuru Mwamgongo nukta bmp. Ikatokea Bukuru Mwamgongo nukta jpg. Sikuhitaji fundi wa Mwanza kunieleza. Nilikwenda masijala, nikavuta jalada la zilizofungwa, nikatafuta wino mwekundu. Fomu ilikuwepo, imebanwa picha ya karatasi aliyoipiga mzee siku boti lilipofika, moja kati ya makumi aliyopiga siku hiyo. Paji pana, jicho dogo la kushoto. Juu yake, kwa mwandiko mzuri, IMERUDIWA.

Mzee alinikuta nimekaa sakafuni. Nilimpa fomu. Aliisoma mara mbili, akavaa miwani, akaisoma tena, ingawa hapakuwa na kitu cha kusoma zaidi ya neno moja. Nilisubiri anitukane. Ningepata nafuu. Alichofanya ni kuuliza jina la mlezi, akalikuta kwenye fomu, akaenda chumba cha redio kuita kambi.

Nilisikia kila kitu kupitia mlango. Mlezi alikuwepo, ndiyo. Mume, mke, watoto wao watatu na mmoja wa kupewa. Wamesharudi kwao kwa boti, wiki tatu zilizopita, na kundi la waliojiandikisha kwa hiari. Na yule mtoto wa kupewa? Amekwenda nao. Orodha ilitazamwa kabla ya kupanda boti, Bukuru wa mlezi huyo hakuwemo, basi hakukuwa na sababu ya kumzuia. Walikwenda mkoa gani? Sauti ya redio ikasema haijui, huko kwao watu wakifika pwani ya ziwa hutawanyika.

Sitaki msomaji akae roho juu, kwa hiyo nitasema sasa. Hatukumpata. Tuliandika barua, tukatuma picha ng'ambo, mzee alisimama bandarini kila boti lilipokuja akiuliza waliotoka huko. Baada ya mwaka mmoja na nusu nilihamishwa, na hadi naondoka hapakuwa na jibu. Kama alipatikana baadaye sikuambiwa, nami sikuwa na haki ya kuuliza kila wiki kama nilivyokuwa nikiuliza.

Siku ile ya Alhamisi nilimwambia mzee kwamba nitamwandikia yule mama barua ya kueleza.

"Hajui kusoma," alisema mzee.

"Basi wewe utamweleza kwa Kiha. Mimi Kirundi sikijui."

Akavua miwani. "Nitamweleza habari ya boti na mlezi, hiyo ni habari ya ofisi. Hili la kalamu nyekundu ni lako. Mficha uchi hazai, mwanangu. Kesho asubuhi twende."

Ijumaa tulikwenda Ujiji kwa miguu, kwa sababu mimi ndiye niliyetaka miguu, ili tuchelewe. Mzee alijua, akatembea taratibu bila kunitania hata mara moja. Ukimya wake ulinichoma kuliko matusi. Nilitaka aseme lolote kuhusu Wapare. Tulipita mbele ya msikiti, akasema atarudi hapo kwa swala ya Ijumaa, na hilo ndilo pekee alilosema njiani.

Nyumba ya mchuuzi ilikuwa ya udongo, uani pameanikwa dagaa juu ya nyavu kuukuu, na harufu ya mawese ilitoka jikoni. Yule mama alikuwa amekwisha kufunga furushi lake. Butoyi alikaa juu ya furushi. Tuliletewa vigoda. Mama alipoona sisi wawili tumekuja wenyewe, wa ofisini, kwa miguu, alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimwone. Alidhani tumekuja na habari njema. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mzee alianza. Alisema kwa Kiha, polepole, na nilifuata kwa kutazama mikono yake: mtoto alifika, mzima, alipewa mlezi, mlezi amevuka naye. Mama alisikiliza kwa mwili wote. Aliposikia mzima, alishika kifua. Aliposikia amevuka, mkono ukabaki palepale. Aliuliza maswali matatu au manne mafupi, mzee akayajibu, na kwa la mwisho akatikisa kichwa. Kisha mzee akanigeukia, akasema kwa Kiswahili, "Haya."

Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha, nimepanga kila kitu, mashine, mikia, diski iliyojaa. Nilipofungua mdomo, yote yale yakaonekana kama uongo. Nikamtazama yule mama nikasema jambo lenyewe tu.

"Dada, mtoto wako alikuwa kwangu. Mimi ndiye niliyemfuta."

Alinitazama. Niliona neno linaingia, linatafuta pa kukaa. Mtu ambaye hajawahi kugusa kompyuta anajua kufuta kwa aina moja tu, aina ya tambara na maji na pembe ya kitenge. Uso wake ukalegea. Aliuchukua mkono wangu, huu wa kulia, akaushika kwa mikono yake miwili.

"Asante," alisema. Halafu, kwa sauti ndogo, "Alikuwa analia?"

Mzee hakutafsiri. Alikuwa ameinamisha kichwa, akitazama dagaa. Niliutazama mkono wangu mle alimoushika. Ningeweza kusema ndiyo, alilia nikamfuta machozi, na mwanamke yule angeondoka na kitu. Nilitafuta maneno na nikapata moja tu lililokuwa kweli.

"Hapana, dada," nikamwambia. "Hakuwa analia. Alikuwa ananitazama."

Akaitikia kwa kichwa, kwa furaha, akamwambia Butoyi jambo kwa Kirundi, bila kuuachia mkono wangu. Mzee akashusha pumzi, akasogeza kigoda chake karibu, akaanza kumweleza kwa Kiha tangu mwanzo. Mimi nilikaa pale, mkono wangu ukiwa bado mikononi mwa yule mama, nikisubiri mzee alifikie lile neno.